Kitambaa Kinachoduga

Papa alipouza gari lake la zamani, mimi ndiye niliyetumwa kulisafisha kabla mwenyewe mpya hajaja kulichukua. Niliokota makombo ya mandazi, kalamu zisizo na wino, glavu moja ya baridi iliyopoteza mwenzake. Kisha nikafungua kile kisanduku cha mbele, kinachofungukia magotini pa abiria, na nyuma kabisa, chini ya karatasi za bima, mkono wangu ukagusa kitu laini. Kilikuwa kipande kirefu cha shuka ya maua ya njano, kimekunjwa kwa kuviringwa, kimekaza kama konokono aliyejificha ndani ya nyumba yake. Nilikinusa. Miaka yote ile ndani ya gari la moshi na mafuta, na bado kilikuwa na harufu ya pamba iliyopigwa pasi kabla haijakauka vizuri.

Nilikaa kwenye kiti cha abiria mlango ukiwa wazi, na neno likaja mdomoni kabla sijaliita. Inaduga.

Mtu aliyekulia nyumbani kwetu hahitaji kuelezwa. Ugali ulioiva sawasawa ulikuwa unaduga. Viatu vya dada yangu mkubwa, vilivyofika kwangu vimelika upande mmoja, vilikuwa vinaduga bado. Chai isiyo na sukari ya kutosha haikuduga. Mchungaji aliyehubiri mpaka watoto wakalala sakafuni, Mama alisema njiani kurudi kwamba sauti yake inaduga lakini saa yake haidugi. Nililitumia neno hilo kama ninavyotumia "kula" na "lala", mpaka siku moja kanisani, mtaani Iroquois tulikokuwa tukiishi Louisville, Amerika, mama mmoja Mtanzania akaniuliza kama kiti changu kiko sawa, nikamwambia kinaduga. Aliinamisha kichwa akacheka.

"Kinafanya nini, mwanangu?"

"Kinaduga."

"Hicho ni Kiswahili cha wapi?"

Nilidhani basi ni neno la kabila letu. Nyumbani nilimuuliza Mama. Yeye alizaliwa mlima mwingine, mbali na kwao Papa, na mambo mengi ya upande ule aliyahesabu kuwa ya ajabu. "Hapana," alisema. "Kwetu hatulisemake. Hiyo ni ya kwa Papa yako. Uliza Koko."

Koko alikuwa mama yake Papa. Aliniita Mama, kwa sababu nilibeba jina la mama yake, na kwa hiyo nilipokosea alinikemea kwa heshima kidogo. Alikulia kwenye milima ya juu iliyo magharibi ya ziwa, kule Kivu ya Kusini, ambako asubuhi nyasi hulowa mpaka magotini na ng'ombe hutoa mvuke mgongoni. Karibu na kwao kulikuwa na misheni yenye dispensari, na ndani ya misheni kulikuwa na wanawake watatu wa Kizungu wasio na waume. Watu waliwaita wote Madmazeli. Walitoka nchi tatu za kaskazini ya Ulaya, Swideni, Norwe na Denimaki, na walisemezana kila mmoja kwa lugha yake na bado wakaelewana, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote kule milimani, maana nasi tulikuwa hivyo hivyo na majirani zetu.

Koko alipokuwa msichana kama mimi alipewa kazi ya bendeji. Yeye aliziita bande. Zilirudi kutoka kwenye vidonda zikiwa ngumu na zenye rangi ya kutu. Alizilowesha, akazichemsha kwenye sufuria kubwa nje, akazianika kwenye kamba, akazipiga pasi ya makaa zikiwa bado na unyevu, kisha akazikunja kwa kuziviringa juu ya paja lake. Bendeji haikutupwa mpaka ife yenyewe. Jioni, Madmazeli wa Swideni alikuja kukagua. Alichukua kila moja, akaishika ncha, akaitikisa hewani. Isipofumuka, alisema neno lake na kuiweka kabatini. Koko alilisikia kama "duga", na kwa kuwa lilimalizika vizuri kama maneno yetu, akalivalisha viambishi na kwenda nalo.

"Na Madmazeli wa Denimaki?" nilimuuliza, maana nilipenda sana sehemu hiyo.

"Ule? Ule hakusemaka vile inaduga. Yeye alijua tu haidugi." Koko alikunja uso, akashika kitambaa cha kuwaziwa kwa vidole viwili kama anashika panya kwa mkia, akakiachilia. "Hivi. Ku moto."

"Na wa Norwe?"

"Ah. Huyo, bon, huyo alikuwa mutu ya batu."

Madmazeli wa Norwe hakujali sana bendeji. Yeye alikuwa na Jumamosi zake. Mfereji wa maji ulipoziba au paa la dispensari lilipotoboka, alitoka na jembe begani akapita nyumba kwa nyumba, na neno lake lilikuwa refu kidogo kuliko la wenzake lakini Koko alisikia wazi kwamba ni la ukoo ule ule. Watu walitoka. Ndugu za wagonjwa, mchungaji, wachunga ng'ombe. Walifanya kazi mpaka jua likawa kali, halafu wakanywa kahawa yenye maziwa na mkate. Nilimwambia Koko kwamba hiyo ni salongo, kwa sababu Papa alitusimulia salongo, ile kazi ya kulazimishwa ya Jumamosi wakati wa serikali ya zamani.

Alinitazama kwa huruma. "Salongo, askari anakuangalia kama uko. Ile ya Madmazeli, unakuya juu benzako bamekuya. Unaona haya kubakia ku nyumba."

Basi mimi, mtoto, nilijenga sheria yangu. Kinachoduga kinawekwa kabatini. Kisichoduga kinakwenda motoni. Hakuna mahali pengine. Sikuwa na sababu ya kudhani kwamba watu wana sheria tofauti.

Nyumba yetu wakati ule ilikuwa nyumba ya watu waliochoka. Nasema hivi bila kulalamika, kwa sababu wengi mnaosoma mlikulia ndani ya nyumba kama hiyo na mnaijua sauti yake: funguo kwenye mlango wakati usiotegemewa, mtu anavua viatu bila kuwasha taa, chakula kinachopashwa moto mara ya tatu. Mama alifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, akigeuza watu vitandani. Papa alitoka alfajiri kwenda Jeffersontown, kwenye kiwanda ambako alisimama mbele ya mkanda akifunga skrubu kwenye kitu ambacho hakuwahi kukiona kikiwa kimekamilika. Walipishana mlangoni. Mara nyingine walishikana mikono kama wageni, wakacheka, na huo ndio ulikuwa mlo wao wa pamoja. Kwenye televisheni watu waliotaka urais walibishana juu ya wakimbizi, kama tulivyoitwa, na Papa alipunguza sauti kwa sababu kelele zilimuumiza kichwa. Sikumwona akikasirika. Hasira inataka nguvu.

Mikono yake ndiyo iliyoharibika kwanza. Vifundo vilivimba. Asubuhi hakuweza kufunga vifungo vya shati, na kikombe alikishika kwa viganja viwili kama mtoto.

Koko alikuwa kwetu kwa zamu. Watoto wake watatu waliofika Amerika walipangwa na wale wanaopanga, mmoja huku, mwingine kule: Papa Louisville, Tantine Furaha, shangazi yangu, Columbus, na Papa mdogo Justin Buffalo, karibu na Kenmore. Hakuna aliyekuwa na mtu wa kushinda nyumbani mchana. Kwa hiyo walimpokezana. Alikaa mpaka nyumba ile ichoke zaidi, kisha akapakiwa kwenye gari na mabegi yake yenye mistari, akaendeshwa barabara ndefu isiyo na mtu wa kumsalimu.

Columbus alikaa mpaka siku alipochemsha bendeji. Tantine alikuwa ghalani akipakia maboksi. Koko alipata vitambaa vyake, akaweka sufuria kubwa jikoni, maji yakakauka, pamba ikaanza kuungua, king'ora cha moshi kikalia, na wazima moto wenye kofia kubwa wakaingia na kumkuta ameketi kwenye kiti akiwaomba radhi kwa Kifaransa alichojifunza misheni. Buffalo alikaa majira ya theluji. Papa mdogo alimwacha asubuhi na kumkuta jioni kwenye dirisha lile lile. Huko ndiko alikopasua shuka za mke wa Papa mdogo, mpya, zilizokuwa bado na mikunjo ya dukani, akazifanya bendeji, akazipanga kabatini kwa urefu. Alitaka kusaidia. Alirudi kwetu amekonda na hasemi sana, na kwa muda mrefu hata neno lake sikulisikia.

Lilirudi kwa sababu ya mikono ya Papa. Asubuhi moja alimwona akipigana na vifungo. Aliingia chumbani tulikolala mimi na yeye, nikasikia shuka ikipasuka, ule mlio mrefu kama zipu ya begi kubwa. Ilikuwa ile ya maua ya njano, tuliyoipata kwenye duka la mitumba. Siku iliyofuata vipande vilikuwa vimefuliwa, vimepigwa pasi, vimeviringwa.

"Leta mikono, Papa," alimwambia. Alimwita mwanawe Papa, kama alivyoniita mimi Mama.

"Mama, nitachelewa kazi."

"Leta."

Alianza na wa kulia. Kitambaa kilianzia kwenye kifundo, kikapanda juu ya mgongo wa mkono, kikazunguka kidole gumba, kikarudi chini na kuvuka njia yake ya kwanza, tena na tena, mpaka mkono ukavaa mistari ya kupishana kama miiba ya samaki. Hakufunga fundo. Ncha aliiingiza chini kwa ukucha, ikakaa. Papa alifungua na kukunja vidole vyake, akashangaa kweli.

"Inaduga?" Koko aliuliza.

"Inaduga, Mama."

Tangu hapo ikawa kila siku. Mimi niliamka mapema ili nione. Kulikuwa na giza bado dirishani, pasi ikinuka, na bibi mwenye macho yaliyoanza kufunikwa na ukungu akimvalisha mwanawe mikono ya kwenda nayo kazini. Alasiri aliporudi, Koko alikuwa ukingoni mwa kitanda akimngoja. Alizishika zile bendeji, akazigeuza, akaingiza kidole chini ya ukingo kuona kama zimelegea, akasema inaduga, ndipo akazifungua na kuzipeleka kwenye beseni. Alianza kula tena. Alianza hata kumcheka Mama kwa jinsi anavyopika ndizi.

Halafu Jumapili moja baada ya ibada simu iliwekwa katikati ya meza, sauti juu. Koko alikuwa ameenda kujilaza. Kioo cha simu kilikuwa kimepasuka, na sauti za Columbus na Buffalo zilitoka humo kama watu waliofungiwa kabatini.

"Yaya, zamu yangu inakuya," Tantine Furaha alimwambia Papa, kaka yake mkubwa. "Sasa nasema mbele yenu bote. Mimi naogopa. Siku ingine nitakuta nyumba ni majivu na Mama ndani."

"Nani amekuambia umuchukue?" Papa alisema.

"Na wewe? Unatoka, muke yako analala muchana. Nani anamuangalia? Ule mutoto?"

Yule mtoto nilikuwa chini ya meza.

Papa mdogo Justin alisikika akipiga miayo. Alifanya kazi ya kuhudumia walemavu, shifti mbili mbili, na hata sauti yake ilikuwa na usingizi ndani. "Bon," alisema mwishoni. "Huku kuko nyumba ya bazee. Nimeuliza. Banaweza mupokea. Banamuogesha, banamupa dawa, donc..."

"Atasema na nani humo?" Mama aliingilia. Alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake za kazi begani. "Mimi niko ndani ya nyumba kama ile kila usiku. Batu ni bazuri. Lakini mutu asiye na luga, banamuwasha televisheni, basi."

"Shemeji, mimi sina nguvu tena," Papa mdogo alisema. Hakulia. Ilikuwa mbaya kuliko kulia. "Kweli sina. Sema wewe, huyo Mama anafanya nini sasa ku nyumba yenu? Anafanya nini?"

Walikubaliana wangojee wiki chache, shule zifungwe, ndipo apelekwe Buffalo na mambo ya ile nyumba yaanze. Nilitoka chini ya meza nikaenda chumbani. Koko alikuwa amelala akitazama ukuta. Nilijilaza nyuma ya mgongo wake. Niliwaza kwamba swali la Papa mdogo lilikuwa swali la kabati na moto, na kwamba jibu lilikuwepo wazi kabisa, limefungwa kwenye mikono ya Papa, na watu wazima kwa uchovu wao hawakuliona.

Nilingoja nafasi ya kumwambia Papa peke yake. Ilipatikana Jumamosi, alipoitwa kazini kwa saa za ziada. Mama alikuwa bado kwenye shifti, Koko alikuwa na mafua, kwa hiyo Papa aliamua kuniacha kwa mama mmoja wa kanisa aliyehamia Jeffersontown, si mbali na kiwanda. Koko alimfunga mikono kama kawaida, akikohoa. Garini nilikaa nyuma nikajifunika koti, nikipanga maneno yangu, na joto la gari likanifumba macho, si usingizi kabisa.

Tulipofika kwenye maegesho ya yule mama, Papa alizima gari. Hakuniita. Nilifungua jicho moja. Alikuwa amekaa, mikono juu ya usukani, akiitazama. Kisha akaishika kwa meno ncha ya ule wa kulia, akavuta, akaanza kufungua. Alifungua taratibu, kama anamenya tunda asilotaka lipasuke. Akafungua na wa kushoto. Akafungua kisanduku cha mbele, akaviweka vitambaa ndani, na mle nikaona vingine vya akiba, vilivyoviringwa na Koko, vimesukumwa nyuma.

"Papa," nilisema. "Haidugi?"

Aligeuka. Tangu nianze shule nilizoea kumjibu kwa Kiingereza na yeye kuniuliza kwa Kiswahili, lakini siku hiyo niliuliza kwa neno la Koko, na nadhani ndilo lililomfanya asiniambie nilale.

"Kule ndani hawataki kitambaa ku mukono," alisema. "Mashine inaweza kuikamata, ikavuta na mukono."

"Toka lini?"

"Siku ya kwanza tu. Supavaiza aliniambia toa."

Nilihesabu asubuhi zote zile za pasi na giza, na nikashindwa kuelewa zilikwenda wapi. "Kwa hiyo mikono inakuuma vile vile."

"Inauma."

"Koko atapelekwa Buffalo."

Hakuniuliza nimejuaje. Alifunga kisanduku. Vidole vyake, bila kitambaa, vilikuwa vyekundu na vya mviringo kama si vyake. "Twende," alisema. "Mama wa watu anatungoja."

Alasiri alikuja kunichukua. Alirudisha gari pale pale kwenye maegesho badala ya kushika njia ya nyumbani, na nikajua kwamba hicho ndicho alichokifanya kila siku mahali fulani, akiwa peke yake, baada ya saa zote zile za kusimama. Alitoa vitambaa akajaribu kujifunga. Mkono wenye maumivu ulikuwa unaufunga mwenzake wenye maumivu. Ncha iliponyoka, ikaanguka kati ya viti. Nikapita mbele, nikamshikia. Tulisahau kidole gumba. Tulizunguka upande usio wake. Mwishowe tulifunga fundo, fundo kubwa kama la kiroba.

Nyumbani Koko alikuwa ukingoni mwa kitanda. Nilisimama mlangoni. Alizishika zile bendeji, akazigeuza. Kidole chake kilipita juu ya fundo, kikasimama hapo, kikaendelea.

"Inaduga," alisema.

Nilimshukuru Mungu kwa ukungu wa macho yake.

Simu ya pili iliwekwa mezani karibu na shule kufungwa. Safari hii Koko alikuwa macho, chumbani, mlango wazi, na nadhani Papa alitaka iwe hivyo. Papa mdogo alianza kusema juu ya ile nyumba ya wazee, vile ina bustani, vile iko na mpishi. Papa alimwacha amalize.

"Uliniuliza Mama anafanya nini hapa," alisema.

"Yaya, sikusema kwa ubaya..."

"Ananifunga mikono. Kila asubuhi. Bila yeye siwezi shika skrubu hata moja. Mukimutoa hapa, kesho mimi niko bila kazi. Ni hiyo tu."

Nilimtazama. Alikuwa amekaa wima, mikono yake mbele ya simu kana kwamba Columbus na Buffalo wanaiona. Mama, aliyefua nguo za Papa zenye mafuta ya mashine na kuona bendeji zikirudi bila doa, alitazama sufuria.

Mlio wa barabara ulisikika upande wa mtu mmojawapo. Kisha Tantine Furaha akasema, polepole, "Basi abakie kwako. Hata mikono yangu ingetaka mutu wa kuifunga."

"Bon," alisema Papa mdogo Justin. Alivuta pumzi. "Bon. Nitatuma mashuka."

Na kweli alituma. Boksi zima, za rangi ya samawati, za dukani.

Miaka baadaye, Koko akiwa amekwisha kuzikwa kwenye kilima chenye upepo hapo Louisville, nilimwandikia binamu yangu Eliya, aliyehamishiwa Norwe akiwa mdogo. Nilimuuliza neno lile ni nini hasa. Alinirudishia ujumbe mrefu wa sauti, akitembea kwenye barafu, nikisikia hatua zake. Aliniambia kwamba wa Swideni wanasema "duga" mpaka leo, na maana yake ni kitu kinachotosha, si kizuri sana, kinachotosha. Wa Denimaki wamelifupisha, na mara nyingi wanalitumia kukataa: kitu hiki hakifai. Wa Norwe wana lile refu, "dugnad", siku ya majirani kutoka nje na kufanya kazi pamoja bila malipo. Yeye mwenyewe Jumamosi iliyopita alifagia majani na watu asiowajua wa jengo lake. Kule Aislandi, alisema, mwalimu wake alimwambia neno hilo hilo refu linamaanisha bidii ya mtu asiyechoka. "Sasa huyo ni nani?" alisema Eliya, akacheka. Halafu akaongeza kwamba zamani sana, kabla nchi zile hazijagawana lugha, mama wa maneno haya yote alikuwa na maana moja nyepesi zaidi. Kusaidia. Kumfaa mtu.

Nilisikiliza ujumbe ule mara nyingi. Nilifurahi kwamba Koko, bila kuvuka bahari, alikuwa amelipata neno zima kutoka kwa vinywa vitatu, na kwamba sisi tulilila kila siku na ugali.

Lakini kabla ya Eliya, kulikuwa na asubuhi moja, baada ya mashuka ya samawati kufika. Koko aliniita kitandani. Macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga mdogo tu.

"Njoo hapa, Mama. Leta mukono nikufundishe."

"Kufunga?"

"Kufunga. Juu Papa yako anafunga kama mutu anafunga mbuzi."

Nilibaki nimesimama. Nje Mama alikuwa anapaki gari, akitoka kazini, na nilisikia mlango ukifungwa kwa ule uchovu wake wa kila siku.

"Ulijua?"

"Siko na macho, niko na vidole." Alinishika kifundo, akaanza kuzungusha kitambaa. "Ile fundo, ningeisikia hata nimekufa."

"Na kila siku ulimwambia inaduga."

Alizungusha kidole gumba, akashuka, akavuka njia yake ya kwanza. Hakuharakisha.

"Mutu anatoka kazi," alisema, "amechoka mpaka ku mifupa. Hakuye moja kwa moja nyumbani kulala. Anasimamisha gari, anajifunga mikono kwa ajili yangu. Unataka nimwambie haidugi?"

Siku hiyo ya kuuza gari, Papa alitoka ndani akanikuta nimekaa garini na kile kitambaa cha njano. Nywele zake sasa zina mvi, na vidole vyake havikunyooka tena. Alikichukua mkononi mwangu, akaishika ncha, akakitikisa hewani mara moja. Hakikufumuka.

"Kiweke mu gari ile ingine," alisema, akaenda kungojea mnunuzi.